Sauti ya Laptopu ya Kwaya

Cheka ukipenda, lakini nimalize kwanza. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mwenyewe, Lushoto mjini, saa kumi alasiri, kwenye kibanda changu cha kutengeneza kompyuta, miaka ile simu za mkononi zilipoanza kuwa za kila mtu.

Nianze na aibu yangu: nilimwonea wivu Eliezeri. Ufundi tulijifunza pamoja, lakini wateja walipita mlangoni kwangu wakienda kwake. Na Jumapili ni huyo huyo aliyeongoza kwaya, kanisa zima kimya likimsikiliza. Mtu mmoja apewe mikono, apewe na koo? Iliniuma, sikufichi.

Siku hiyo asubuhi, Eliezeri akiwa safarini, mwenyekiti wa kwaya akaniletea laptopu waliyopewa na mgeni. Ilikuwa na mifumo miwili ya kuiendesha. Ukiiwasha unachagua uingie upi. Wa kwanza ulicheza muziki vizuri. Wa pili, ule wa bure, ndio uliokuwa na programu ya kurekodia, na ulikuwa bubu kabisa. Ulikosa draiva, kile kiprogramu kinachouwezesha mfumo kutumia spika.

"Ukishindwa, kesho nampelekea Eliezeri," akasema. Unadhani maneno hayo yalinipita hivi hivi?

Nilihangaika mchana kutwa. Nilipakua draiva tatu intaneti kafe, nikazileta kwa flashi, zote zikagoma. Ukungu ukashuka na mvua juu yake. Akaingia mzee mwenye koti jeusi, simjui. Nikasimama.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Huku kwetu hata mliyegombana naye atasema marahaba. Viatu vyake navyo havikuwa na tope, wakati barabara yote ilikuwa tope tupu. Ningemtoa pale pale, lakini akili yangu ilikuwa kwa Eliezeri.

Akaiinamia laptopu. "Sauti haimo humu," akasema. "Lazima itolewe kwa mtu. Niitoe kwa nani?"

Nilidhani ananitania, niamini. Nikajibu kwa kijicho changu chote: "Itoe kwa Eliezeri, anazo nyingi."

Akabonyeza mara moja tu. Spika zikaimba. Nilipoinua uso kumshukuru, hakuwepo, na mlango wangu ulikuwa bado umefungwa komeo kwa ndani, kama nilivyoufunga mvua ilipoanza.

Kesho yake mwenyekiti akanisifu mbele ya watu, nami nikavimba kichwa. Mchana Eliezeri akaja. Alifungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Akachukua kalamu, akaandika: "Dada, nimeamka hivi. Nimesikia umeitengeneza. Hongera."

Hongera! Bora angenitukana.

Hospitali hawakuona kitu. Nikaiomba laptopu tena, nikazifuta zile draiva, nikaufuta mfumo wote wa pili nikitumaini sauti itamrudia, laptopu ikabaki na mmoja. Koo la Eliezeri halikufunguka. Miaka imepita, na wateja wake karibu wote sasa ni wangu, maana wamechoka kuandikiana vikaratasi. Nilichokitaka nimekipata. Jumapili yeye hukaa na kwaya yake kama zamani, wenzake wakiimba, yeye akigeuza kurasa za kitabu.

Sijawahi kumwambia. Kwa hiyo wewe, mtu usiyemjua akikuuliza unachokitamani akitoe kwa nani, usitaje jina, hata kwa mzaha. Mimi nilitaja la rafiki yangu, na kila asubuhi akipita kibandani ananiinulia mkono na kutabasamu.