Mwanangu Analowa, Gari la Baba Yake Liko Chini ya Turubai

Admin, jina langu libaki huko huko kwako, maana mume wangu naye ni mfuasi wa ukurasa huu. Mie ni mama wa watoto wawili, nina miaka ishirini na saba, tumepanga Mbagala. Mkubwa, Nuru, yuko chekechea. Mdogo bado ananyonya, na kifua chake hakijatulia tangu azaliwe. Nimechoka, kwa hiyo nikiandika kwa hasira mnivumilie.

Tulikuwa na kiwanja Bunju. Nusu yake ni upatu wangu na vitenge nilivyotembeza mimba ikiwa tumboni. Mwaka jana msanii mmoja akatoa video na gari la michezo, lile la milango miwili, liko chini chini, linanguruma. Mji mzima ukalitaka, bei ikawa inapanda kila wiki. Mume wangu akaja na hesabu zake: tuuze kiwanja, tununue moja lililotumika, tukae nalo kidogo, tuliuze, turudi Bunju tukiwa na kiwanja na hela ya kujengea. Nilikataa. Akasema kadi ya gari itaandikwa jina langu, na kweli ikaandikwa. Ndipo nikalegea.

Kumbe wenye hesabu hiyo walikuwa wengi. Magari yakaagizwa, bandarini yakashuka kama mvua, na hayo yakasajiliwa namba E, herufi mpya. La kwetu ni namba D, ya zamani, na hapa Dar mtu anasoma herufi ya kibao cha namba kabla hajafungua boneti. Mafuta nayo yakapanda, na gari lenyewe linakunywa kama limetumwa. Wateja wakarudi kwenye magari ya familia.

Baba Nuru akaingiwa na hofu. Badala ya kumpa dalali mmoja, akawapa wote, wa Temeke na wa Kinondoni. Kila dalali akaongeza cha juu chake, akaliposti. Picha zile zile, gari lile lile, kila grupu na bei yake. Watu wakaanza kuulizana lina ugonjwa gani. Shemeji yangu, mdogo wake, akija anamwambia, "Shikamoo tajiri," wanacheka wote wawili. Mie sicheki.

Sasa limefunikwa turubai uani. Haliendeshwi, eti kilometa zikiongezeka bei inashuka. Wiki iliyopita, asubuhi, mvua inanyesha, mdogo akabanwa kifua, akivuta pumzi mbavu zinaonekana. Nikamwambia baba yake atupeleke hospitali. Akachungulia nje. Akasema njia ina mashimo, bampa ikichanika nani atalinunua.

"Chukua boda, mie nakutumia nauli."

Nilimfunga mwanangu kifuani kwa kanga, nikapita pembeni ya lile gari. Lenyewe kavu. Mwanangu analowa.

Juzi mume hayupo, akaja baba mmoja wa Mikocheni anayekodisha magari ya maharusi. Akalizunguka, akapiga piga tairi kwa mguu, akasema, "Sista, nimeliona kwenye magrupu yote. Nilikuwa nasubiri mchoke."

Bei aliyotaja haifiki nusu ya kiwanja. Lakini inatosha kununua kigari cha milango minne, kizee kizee, cha kumfikisha mtoto hospitali. Jumamosi anarudi na hela.

Nilipomweleza mume, akasema nitulie, yule msanii ana video nyingine inakuja, bei itarudi. Kisha akaniangalia. "Ukisaini, jua umeuza na ndoa."

Nikamjibu taratibu, mtoto yuko mapajani, "Ndoa uliishusha bei wewe, asubuhi ile ya mvua."

Hatujaongea tangu hapo. Na bado nampenda, ndiyo shida yangu.

Wale wa kuniandikia "vumilia dada, soko litakaa sawa", piteni kimya, pengine na nyie mna la kwenu chini ya turubai. Nawauliza mliowahi kubeba mtoto mgonjwa kwenye mvua. Kadi ninayo mie, jina ni langu. Jumamosi nisaini, au nimpe mwenzangu nafasi nyingine? Nijibuni mapema. Mdogo ameanza kukohoa tena.