Mtani Niliyemruka Msibani

Arobaini ya kaka yangu ilipokwisha, wenzangu wakasema lazima nitoke nje, nikale. Sikuwa na nguvu ya kubisha. Jumapili baada ya adhuhuri wakanipeleka kwenye baa ileile tulimokuwa tukila na kaka, hapa Korogwe, kando ya barabara kuu, mabasi ya Arusha yanapopita yakipiga honi. Wakanikalisha kwenye benchi lilelile. Nilikasirika kabla sijanawa mikono. Korogwe haikosi pa kulia nyama. Kwa nini palepale?

Walikuwa wawili. Mmoja ni fundi cherehani, Mshambaa wa Mashewa, mtu mpole ambaye hucheka mwenzake akicheka. Wa pili ni mtani wetu. Babu yake ni Mnyamwezi aliyeletwa kutoka Tabora kukata mkonge, akafia kambini, na wajukuu wake wakabaki huku wakilima na kuchuuza. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, na wewe huruhusiwi kununa; ukinuna unatozwa faini. Ukifiwa, yeye ndiye anayevaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, analala njiani ili jeneza lisipite mpaka apewe kuku. Watu wanalia huku wanacheka. Lakini ni lazima aitwe. Anapigiwa simu au anafuatwa kwake, na hiyo ni kazi ya wafiwa.

Kaka alipofariki, kazi ya kupiga simu nilipewa mimi. Niliwapigia wote. Mtani sikumpigia. Sikusahau. Nililiona jina lake kwenye simu nikalipita, kwa sababu nilijua atakuja Kwedizinga, atavaa kanzu ya kaka, ataiga kikohozi chake, na mimi sikutaka kukisikia. Tulizika siku hiyohiyo, kabla ya alasiri. Mjomba aliponiuliza mtani wa marehemu yuko wapi, nilijibu, "Hajaonekana." Nikajiambia kwamba huo si uongo. Kuanzia siku hiyo ukoo mzima ukawa unasema yule Mnyamwezi si mtu, amekula na marehemu miaka yote halafu ameshindwa kumzika. Dada yetu mkubwa aliapa hatamkaribisha tena mlangoni kwake. Kwa siku arobaini niliwaacha waseme.

Sasa mtani alikuwa amekaa mbele yangu, ananitazama.

"Mtumwa wangu umekonda," akasema. "Nani anakula chakula chako?"

"Niache leo."

"Nikuache nikupeleke wapi? Hata mnadani hakuna atakayekutaka."

Fundi cherehani akacheka. Nikamchukia na yeye.

Pale baa nyama unaichagua mwenyewe. Unakwenda dirishani inakoning'inia, unaonyesha, mzee wa jiko anaikata, anaipaka chumvi na ndimu, anaiweka kwenye wavu juu ya mkaa. Siku zote aliyekwenda dirishani ni kaka. Alikuwa anabonyeza ubavu wa mbuzi kwa kidole gumba, ananusa kidole, halafu anaanza kumgombeza mzee wa jiko kama vile yeye ndiye aliyemzaa yule mbuzi akiwa amekonda. Siku ile kila mtu alimsubiri mwenzake. Mwisho mtani akainuka. Akabonyeza ubavu kwa kidole gumba. Akanusa. Akarudi kwenye benchi akivuta mguu wa kushoto, na yeye miguu yake mizima. Aliyekuwa anavuta mguu ni kaka. Mzee wa jiko alitabasamu, akageukia moto wake. Mimi niliuma meno.

Nyama ikaja juu ya ubao, mbavu zimekatwakatwa, ndizi za kuchoma pembeni, kachumbari, na kwenye kona kichuguu cha chumvi iliyochanganywa na pilipili. Ile chumvi nisiifiche. Mwaka jana daktari alimwambia kaka kwamba presha yake iko juu, aache mafuta, apunguze chumvi. Jumapili iliyofuata alikaa kwenye benchi hilihili, akachovya ubavu upande huu, akachovya upande wa pili, akasema, "Daktari yule hajaonja mbavu za hapa." Tulicheka sana. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, nikamgonga mgongo.

Mtani akachukua ubavu. Akakohoa mara mbili, kile kikohozi kifupi cha kaka. Akachovya huku, akachovya kule.

"Daktari yule," akasema, "hajaonja mbavu za hapa."

Ilikuwa sauti ya kaka kabisa. Meza ya pili walikuwepo watu waliomjua. Wakacheka, halafu wakanyamaza wote kwa pamoja.

Niliupiga ubao kwa ngumi. Soda ya fundi ikamwagikia suruali yake.

"Hata kumzika hukuja!" nikasema. "Kumzika hukuja, unakuja kumchezea kwenye nyama!"

"Ndugu yangu," fundi akasema, akijipangusa, "kwa mtani huna haki ya kukasirika."

"Nimekasirika! Nitozeni!"

Mtani aliweka mfupa chini. Nilitaka anijibu kwa kelele ili nipate pa kuendelea. Hakupiga kelele.

"Nilisikia siku ya nne," akasema. "Nilikuwa gulioni Makuyuni. Mama muuza nyanya akaniambia pole. Nikamuuliza, pole ya nini? Nikadhani simu yangu imeharibika. Nikaipeleka kwa fundi simu. Fundi akaifungua, akaifunga, akaniambia hii simu nzima."

"Watu wa kwenu wamenitumia maneno kwamba mimi si mtu. Nimeyameza. Na leo nimekuja kula na wewe."

Fundi cherehani alitutazama, kwanza yeye, halafu mimi. Yule mtu hawezi kuona ugomvi akakaa. "Lakini huyu alitupigia wote," akasema. "Mimi mwenyewe alinipigia. Labda ni mtandao. Kule Kwedizinga mtandao unasumbua, si ndiyo?"

Wakanigeukia wote wawili. Nilikuwa nimefunguliwa mlango na kilichobaki ni kutikisa kichwa tu. Ningetikisa kichwa, mtani angecheka, angeitukana kampuni ya simu, tungeagiza nyama nyingine, na kule nyumbani angeendelea kuwa si mtu. Niseme kweli, nilifikiria kufanya hivyo. Muda wa basi zima kupita pale barabarani nilikuwa nafikiria kufanya hivyo.

"Mtandao ulikuwepo," nikasema. "Nilikuruka."

"Ulinirukaje?"

"Niliona jina lako nikapita."

"Kwa nini?"

"Kwa hiki ulichofanya sasa hivi. Sikutaka ukifanye."

Nilitazamia tusi, kwa sababu katika maisha yangu sijawahi kumsikia akiniambia jambo bila tusi ndani yake. Alinawa vidole kwa maji ya jagi, akavikausha kwenye shati.

"Kaka yako na mimi tuliahidiana," akasema. "Atakayetangulia, mwenzake atamlalia njiani. Wewe umemzika kama mtu anayeficha wizi."

Hasira yangu haikupungua. Ilizidi, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli na sikuwa na pa kukishikia. Nikamtupia kile nilichokuwa nacho. "Na alipochovya chumvi ulicheka. Na wewe fundi ulicheka. Na mimi. Watu watatu wazima, hakuna aliyeusogeza ubao."

Fundi cherehani aliinamisha kichwa. Mtani aliitazama ile chumvi muda mrefu.

"Toa simu," akaniambia. "Mpigie mjomba wako. Weka sauti juu, nisikie."

Nikapiga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekula leo?"

Nilimweleza. Nilimweleza vibaya, nikianzia mwisho, nikarudi mwanzo.

"Kwa hiyo mtu wa watu tumemtukana bure," mjomba akasema. "Siku arobaini. Yuko hapo?"

"Yuko."

"Mpe."

Mtani akaipokea simu kwa mikono miwili. "Shikamoo mzee," akasema. Hajawahi kumpa mjomba shikamoo. Siku zote humwita mateka wake.

"Tupa huko shikamoo yako," mjomba akamwambia. "Tangu lini mtumwa wangu akawa na adabu? Kuku wako yupo. Njoo Ijumaa."

"Mnene?" mtani akauliza. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

Nyama ilipoa. Mzee wa jiko alikuja kuuliza kama haikuiva.

Ijumaa tulikwenda Kwedizinga. Dada alimtolea kanzu ya kaka bila kumtazama usoni, akarudi ndani, akatoka tena na kofia. Mtani akavaa vyote. Akashika njia ya makaburini akivuta mguu wa kushoto, akikohoa, na wanawake wakaanza kucheka na kulia kama inavyotakiwa. Mbele kidogo ya kaburi akalala chali katikati ya njia, mikono kifuani. Jeneza halikuwepo. Nilikuwepo mimi tu, nimebeba kuku aliyefungwa miguu.

Nikamnyooshea. "Chukua."

"Bado," akasema, macho amefumba. "Hujaniomba."

"Nimekuletea kuku."

"Kuku nimemwona. Sijasikia ukiniita."

Mjomba na watu wote walikuwa nyuma yangu wanasubiri. Jua lilikuwa kali, kuku ananipiga mabawa mkononi, na mimi nimekasirika hadi masikio yananiwaka. Nikamwita kwa jina lake, kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya mwisho, nikamwambia kaka yangu amefariki, aje tumzike.