Miezi Mitatu na Pampu Yenye Inda

Pampu yetu ya maji ilikuwa na inda. Ilinguruma vizuri ukiwa umesimama mbele yake, ukigeuka tu ikanyamaza. Jiko la gesi lilimwakia mke wangu kwa njiti moja. Mimi lilinila njiti sita. Nina shahada mbili, na katika nyumba yetu ya Magongo hapakuwa na chombo hata kimoja kilichoniheshimu.

Magharibi ya kuamkia Idi, mwezi umeshaandama na sote tumeuona kutoka barazani, pampu ilikataa kuzimika. Tangi likafurika, maji yakaingia chumbani nilimopanga vitabu vyangu sakafuni. Nikamlaumu mke wangu. Akasema vitabu vina rafu. Neno likazaa neno, nikampa talaka moja. Miaka ishirini na miwili, kwa sababu ya maji. Akaenda kukaa eda kwa mamake, Likoni.

Talaka moja si mwisho. Eda ikiwa haijaisha, mume anaweza kumrejea mkewe kwa neno tu, bila posa wala mahari mpya. Mke wangu alikuwa ameshapita umri wa hedhi, kwa hiyo eda yake ilikuwa miezi mitatu. Niliweka tarehe kwenye simu, inikumbushe siku moja kabla. Sikukusudia kufika huko. Nilingoja hasira zipoe. Zake, maana zangu nilijidai sina.

Wiki ya pili nikampigia. Neno lilikuwa tayari ulimini.

"Pampu yanguruma lakini haivuti," nikasema.

"Umeijaza maji?"

"Kwani hujazwa?"

"Profesa, miaka yote hiyo wadhani yavuta upepo? Fungua kifuniko cha juu, tia maji mpaka yafurike, kisha ufunge." Halafu akauliza, "Kuna jengine?"

"Hapana."

Nikapiga tena kwa ajili ya jiko, nikapiga kwa ajili ya friji iliyokuwa ikijikojolea jikoni. Kila mara aliuliza kama kuna jengine, na kila mara nikasema hakuna. Mara ya mwisho hapakuwa na kilichoharibika. Nililegeza mwenyewe waya wa pasi ili nipate la kuuliza.

"Ita fundi," akasema. Safari hiyo hakuuliza kama kuna jengine.

Simu iliponikumbusha, nikavaa kanzu nikavuka Likoni. Mama mkwe ndiye aliyefungua mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Akaingia ndani kumwita bintiye.

Mke wangu alitoka amevaa buibui na mtandio, humo humo nyumbani kwao. Sikutaka kuelewa maana yake.

"Nimekurejea," nikasema kabla hajakaa.

"Eda imeisha juzi."

Nikamwonyesha simu. Tarehe ilikuwa kesho.

"Eda huhesabiwa kwa mwezi mwandamo," akasema. "Uliniacha Idi, mwezi tumeuona sote. Halafu ukahesabu kwa simu?"

Nikataka kuilaumu simu, lakini ilikuwa imehesabu nilichoiambia. Nikasema basi naposa, leo hii, mahari ataje mwenyewe.

"Sasa waniuliza?"

"Nakuuliza."

Alizishika ncha za mtandio wake akazinyoosha moja moja.

"Kila ulipopiga niliingia chumbani nikafunga mlango, niwe peke yangu ukisema. Nikatoka na habari za pampu. Mama akiniuliza, namwambia ni mambo ya pampu. Tena jiko. Tena friji." Hakupandisha sauti. "Hapana, bwana. Sitaki."

Mamake alileta kahawa na haluwa. Hakuuliza kitu, nadhani alikuwa amesikia. Nilikunywa nikiwa nimeinamisha macho, na mke wangu, sijazoea bado kumwita vingine, alikaa upande wa pili wa ukumbi akisubiri nimalize kikombe, kwa adabu zote, kama anavyosubiriwa mgeni. Nilipomaliza alisimama, akaniombea safari njema.