Bakuli la Mama Minza

Mwinjilisti wetu wa Kasoli alikuwa na mikono isiyotulia. Kila alipofika kwenye neno lake la Kigiriki, didomi, aliikunjua yote miwili kama anayemwachia njiwa. "Ni kutoa," alisema kwa ile sauti yake ya puani, kisha akafuta miwani kwa ncha ya tai. Mwaka huo kampuni binafsi zilikuwa zimeruhusiwa kununua pamba, nazo zikawa zinatugawia fulana na sukari hata kabla ya mavuno, ili tuziuzie pamba yetu. Mzee Limbu, mkulima mwenzetu, akamuuliza, "Na hawa wa fulana, neno lao ni hilohilo?" Miwani ikafutwa tena. "Neno ni hilohilo," alisema, "ila..."

Siku chache baadaye nilimkuta mlangoni kwake akimrudishia Mama Minza, jirani yake, bakuli alilomletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, hata chumvi kidogo utatia. Yeye alikuwa ameliosha likang'aa, akampa kwa mikono miwili, tupu. "Umetoa, mama. Nami nimepokea."

Mama Minza alichungulia ndani ya bakuli. "Mwalimu, nimekukosea nini?"

Mikono ya mwinjilisti ikakunjuka. Akaingia ndani, nikasikia sanduku likifunguliwa, akatoka na fulana mpya ya kampuni, akaitia kwenye bakuli. Mama Minza akacheka kwa kushusha pumzi, akaenda zake.

Mwinjilisti akanigeukia, mikono bado wazi. "Sasa hapo," aliniuliza, "nani ametoa?"