Mhesabu Radi wa Uwanja wa Gofu

Pale uwanja wa gofu walimwita Sekunde. Kazi yake ilikuwa kukaa katika chumba kidogo nyuma ya stoo ya mbolea, kuangalia mawingu, na kupiga king'ora radi inapokaribia. Akiona mwanga alianza kuhesabu. Ngurumo ikifika kabla ya thelathini, watu wote walitakiwa kutoka uwanjani, waingie klabuni au ndani ya gari lililofungwa, wasirudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Kila hesabu aliiandika kwa penseli, kwa sababu wino huchuruzika ukilowa.

Mkewe alibeba mifuko ya fimbo za wachezaji hapohapo. Wenzake walimwita Dakika.

"Mume Sekunde, mke Dakika," walimtania. "Hebu tuambie, nani mkubwa nyumbani?"

"Sitini kwa moja," alijibu, "na bado mnauliza?"

Sekunde hakuzaliwa mwoga. Miaka kumi na moja iliyopita kaka yake, mkata nyasi wa uwanja ule, alijikinga mvua chini ya msonobari wa shimo la sita. Mvua yenyewe ilikuwa ya rasharasha tu. Sekunde ndiye aliyemkuta, viatu vimemvuka, mashine ya nyasi bado inaunguruma pembeni. Baada ya mazishi akaomba kazi ya king'ora, ambayo hakuna aliyeitaka.

Jumamosi ya fainali, saa tisa na dakika kumi alasiri, aliona mwanga upande wa milimani. Ishirini na sita. Akainuka kupiga king'ora, akakuta kisanduku cha swichi kimetiwa kufuli jipya.

Alimkuta mwenyekiti ukumbini, anafuta kikombe cha mshindi kwa leso.

"Mzee, naomba ufunguo wa king'ora."

"Wewe tena! Juzi ulinikimbizia wageni, na hata tone halikuanguka."

"Radi haingoji mvua, mzee."

"Yamebaki mashimo matano. Waache watu wamalize."

"Mke wangu yuko kule juu."

"Hata wachezaji wako kule juu. Mbona wao hawalii?"

Dirisha likang'aa. Sekunde alikuwa bado anaomba, lakini midomo yake ilihesabu pembeni ya maneno. Kumi na tisa. Safari hii mwenyekiti naye aliisikia ngurumo. Akapapasa mifuko ya suruali, kisha ya shati.

"Ufunguo uko kwenye koti," alisema.

"Koti liko wapi?"

"Kwenye gari." Akaweka kikombe mezani. "Na gari ameondoka nalo mama watoto."

Sekunde hakungoja neno jingine. Msumarini pale stoo palining'inia ufunguo wa pikapu ya mbolea, ile yenye viti vya nyuma. Hakuwa dereva wa klabu, na gari halikuruhusiwa kukanyaga nyasi. Aliwasha, akakata katikati ya uwanja, matairi yakichimba mifereji miwili myeusi kwenye majani ambayo kaka yake alikuwa akiyachana kama nywele za bibi harusi. Njiani mwanga mwingine. Kumi na moja. Alikanyaga mafuta mpaka mwisho.

Shimo la kumi na nne lilikuwa kilimani, hakuna jengo, hakuna bonde. Wachezaji wa fainali, wakili na daktari wa meno, walisimama kila mmoja na fimbo yake mkononi, wakitazamana. Walikuwa sare. Wote wawili walitaka kushuka, nyuso zilionyesha, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

"Ingieni garini!" Sekunde alipiga kelele. "Tupeni hizo fimbo!"

"King'ora hakijalia," alisema wakili.

"Hakitalia! Sheria inamruhusu mchezaji kuacha mchezo akiona radi, haingoji king'ora."

"Basi daktari aache, mimi nitamfuata."

"Nimfungulie njia aje kunicheka?" alisema daktari. "Aanze yeye."

Dakika alikuwa hatua chache nyuma yao, mfuko wa wakili begani, mwavuli juu. Vichwa vya fimbo vilichomoza juu ya sikio lake. Sekunde akamwendea, akaona nywele za mkono wake zimesimama, dalili kwamba radi iko karibu kupiga.

"Mke wangu, weka chini."

"Nikiuacha mfuko mchezo unaendelea, kesho sina kazi. Unajua."

"Najua."

"Basi mwambie yeye, usiniambie mimi."

"Yeye si mke wangu! Nimeshamwinua mmoja kwenye nyasi hizi. Sina mgongo wa kumwinua wa pili. Nakuomba, mama. Nakupigia magoti."

Na kweli alipiga magoti, kwenye tope, mbele ya watu. Mwanga ukawaka. Hakufika nne.

Dakika aliutazama mfuko, akamtazama mwenye mfuko. Kisha akaulaza chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akatupa mwavuli, akamshika mumewe ukosi na kumvuta garini. Mbeba mifuko wa daktari, mzee wa mvi, naye akatua wake na kuwafuata.

"Nani atanibebea?" wakili aliuliza.

Wachezaji wawili wakatazamana tena, fimbo zikaanguka, wakakimbia wote kwa pamoja, mmoja kwenye mlango wa kushoto, mwingine wa kulia, asiwepo wa kwanza. Milango ikafungwa. Mwanga na ngurumo vikaja pamoja, gari likatikisika, na hakuna aliyejua radi imepiga wapi.

Walikaa humo watano, magoti kwa magoti, vioo vimeingia ukungu, mpaka nusu saa ilipotimia tangu ngurumo ya mwisho. Nje, mifuko ilijaa maji. Daktari alishuka akaenda kuokota fimbo zake. Wakili alisema klabu itapata barua yake Jumatatu.

Sekunde alibaki ameshika usukani. Vidole vilikataa kuachia. Dakika akaanza kuvibandua kimoja kimoja, bila haraka.

"Kesho tutaambiwa tutafute kazi kwingine," alisema.

"Tutaambiwa," alijibu Sekunde. "Sote wawili."