Mawe Sita Meupe na Chuma cha Kupimia Malisho

Mwanzoni mwa miaka ya themanini serikali ilinilipa mshahara kwa kuidunga ardhi chuma. Ndivyo mama yangu alivyowaeleza majirani zetu wa Ibra, huku Uarabuni, wengi wao wametoka Unguja kama sisi, na sikuona hata mmoja aliyenistahi kwa hilo. Chuma chenyewe kilikuwa na ncha chini na saa ya mshale juu. Unakikandamiza kwa uzito wako wote, na mshale unakuonyesha jinsi kwato za mbuzi zilivyoishindilia ardhi. Ikishindiliwa mno, mvua hata ikinyesha haipenyi. Maji yanakimbilia bondeni na jani halioti. Hapo idara yetu huyafunga malisho miaka miwili yapumzike.

Nilipewa malisho ya upande wa Dima wa Tayyin, alikochungia bibi mmoja mwenye mbuzi ishirini na kitu. Mumewe alikuwa kazini Abu Dhabi, na haikufaa mwanamume kumwendea peke yake, kwa hiyo mkubwa wangu wa kazi akaniambia nimchukue mama yangu. Basi kila safari Mama alikaa kiti cha mbele cha gari la serikali, chupa ya chai mapajani, akiniuliza kama nimekumbuka sindano yangu, yaani kile chuma.

Kiarabu changu wakati ule kilikuwa cha kusalia na kununulia samaki. Mama alikuwa mkalimani wangu, tena si mwaminifu. Bibi akisema maneno matatu, mimi nilifikishiwa hotuba, na nusu yake ilihusu kutooa kwangu.

Safari ya kwanza chuma kilikuwa kimeazimwa na ofisi ya Nizwa, nikaishia kuweka mawe sita yaliyopakwa chokaa mahali nitakapopima. Nikamwomba Mama amwambie bibi asiyaguse, kwani keshokutwa serikali itakuja hapo. Alichomwambia, Mungu ndiye ajuaye.

Tuliporudi nikadunga penye jiwe la kwanza. Chuma kiliingia kama kijiko kwenye uji. La pili vilevile, na la tatu. Nilifurahi kwelikweli, kwa kuwa ardhi laini maana yake malisho hayafungwi na bibi anabaki na mbuzi wake. Nilikuwa naandika huku natabasamu Mama aliponiita.

"Mwanangu, hebu shika huo mchanga."

Ulikuwa na unyevu, tena umefagiwa. Mama akauliza, na bibi akashangaa kuulizwa. Si ndivyo mahali pa mgeni panavyotiwa maji, vumbi litulie? Aliona mawe sita, akajua serikali inakuja na watu sita na kila mmoja keshawekewa pake. Akataka kujua wale wengine wako wapi, maana kahawa ilikuwa ya watu sita na tende pia. Maji aliyachota kisimani kwa safari mbili za punda.

Mama alicheka mpaka akaushika mlango wa gari. "Wewe wapima ardhi, au wapima ukarimu?"

Mpaka leo sijui kama bibi yule alikuwa mkarimu tu au mjanja pia. Mama alishikilia kuwa ni yote mawili, na akamheshimu zaidi kwa hilo. Tukala tende za watu sita, kisha nikahesabu hatua kumi kutoka kila jiwe na kuanza upya.

Chuma kiligoma. Nilikilalia, nikakirukia, mshale ukafika mwisho wa saa na ncha haijazama hata kidole. Penye jiwe la nne bibi alinihurumia, akaja akashika mkono wa chuma na kukandamiza pamoja nami, kwa nguvu zake zote. Mama akaacha kucheka.

Tulikuwa tumeshika njia ya Ibra aliponiuliza, "Utaandika namba zipi?"

"Za pakavu, Mama. Ndizo za kweli."

Alikaza kifuniko cha chupa ya chai. "Haya. Lakini barua ya kufunga malisho isimfikie kabla yako."

Wiki iliyofuata tukarudi. Nilimgeukia Mama anitafsirie, naye akajimiminia chai. "Hayo ni yako, wallahi. Yaseme mwenyewe."

Nikayasema kwa Kiarabu changu cha samaki, kwamba malisho yanafungwa. Bibi akauliza miaka mingapi. Nikamwonyesha vidole viwili. Niliona haya, na sikujua pa kuyaelekeza macho yangu.

Hakunilaumu. Alisema ndugu yake ana nafasi ya mbuzi kumi na tano tu. Waliobaki itabidi wauzwe. Kisha akanipeleka hadi zizini, akasimama kando. Alisema polepole, nielewe bila mkalimani.

"Wewe ndiye uliyepima. Chagua wa kuuzwa."

Nikamnyooshea kidole mweusi mmoja. Akasema huyo ana mimba. Nikamwonyesha mwenye pembe iliyovunjika. Huyo, akasema, ndiye anayewaongoza wenzake kurudi jioni. Nikamwonyesha mdogo, naye alikuwa yatima, amemlea kwa mkono wake. Kila niliyemwonyesha alinieleza kwa upole, bila kukasirika, na jua likafika utosini sijapata hata mmoja.