Kona Moja ya Mpunga Haikukauka

Shamba zima la baba lilikauka, kasoro kona moja.

Sitanii. Mpunga wote umegeuka rangi ya kaki, halafu pale mwisho, karibu na tuta la mpakani, kipande cha ukubwa wa chumba cha kulala kimesimama kijani kibichi. Wiki ya tano hiyo bila tone la mvua.

Watu walikuja kupiga picha. Jirani mmoja akasema chini yake kuna kaburi. Mwingine akaapa kuna bomba limepasuka, wakati bomba la karibu liko mwendo wa nusu saa.

Mimi nilijua kwa nini. Nilidhani najua peke yangu.

Ngoja niwaeleze, mnitukane mkimaliza. Nimeshajitukana vya kutosha, hamtaongeza jipya.

Baba alikuwa amelichoka lile shamba. Ukame ulikuwa umetunyoosha misimu miwili mfululizo, na mfyatua matofali alikuwa anabisha hodi kila wiki akitaka kuununua udongo wa shamba hilo. Shamba likishachimbwa matofali linabaki shimo, hulimi tena humo.

Aliyemzuia baba ni mdogo wangu wa kike. Tunamwita Profesa, kwa kejeli tu, maana alisomea kilimo na kila kitu lazima akieleze. Akaja na mfuko wa kitu kama udongo mweusi, umechanganyika na vipande vya mizizi. Akasema humo kuna kuvu.

Kuvu. Kwenye mpunga. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Akanieleza taratibu kwamba si kila kuvu ni adui. Hii inaingia kwenye mizizi ya mche na kutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, nyuzi zinakwenda kutafuta maji mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki. Mche unailisha sukari kidogo, nayo inaulipa maji. Kwa shamba kama letu, linalotegemea mvua tu, akasema itatufaa.

Baba akampa msimu mmoja. Ukishindikana, mfyatua matofali anaingia.

Profesa akachanganya ule udongo wake kitaluni, akasia mbegu, akaniachia neno moja kabla ya kurudi kazini.

"Kaka, msimu huu usimwage dawa. Nakuomba."

Sasa mnielewe. Miaka kumi na minane kazi yangu pale nyumbani ni kitalu. Miche ya majirani inaoza, yangu haiozi, kwa sababu kila msimu nachanganya dawa ya kuua kuvu kwenye ndoo ya kumwagilia na kuinywesha. Ndiyo sifa pekee niliyonayo. Hata mke wangu husema nina mkono wa kitalu, na yule si mtu wa kusifu ovyo.

Siku ya saba nikaona utando mweupe juu ya udongo. Nikajisemea huyu mtoto anatuozeshea miche, baba atapoteza shamba kwa ajili ya mambo ya vitabuni.

Nikachanganya dawa. Nikamwaga kuanzia mwanzo wa kitalu, ikaniishia hatua mbili kabla ya mwisho. Nikaona uvivu kuchanganya nyingine.

Niliamini naokoa shamba. Naapa.

Miche ikatoka vizuri tu. Tukapandikiza, na ile ya mwisho wa kitalu ndiyo iliyoangukia kona ya mpakani. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, mvua ikakata. Mengine mmeshayasikia.

Nilipoiona ile kona imebaki kijani, nilikumbuka zile hatua mbili za kitalu zilizokosa dawa. Sikuhitaji profesa yeyote anieleze.

Profesa akaja. Aling'oa mashina machache pale konani na mengine katikati ya shamba, akachota na udongo palipokuwa na kitalu, akaondoka navyo.

Aliporudi baada ya siku kumi, baba akatuita sebuleni. Mfyatua matofali alikuwa ameshakaa karibu na mlango, kofia magotini.

Baba hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema kona moja si shamba, labda pana unyevu tu chini. Kisha akamwambia binti yake kwamba kama kuna kitu kiliharibu kazi yake aseme, atampa msimu mwingine. Kama hakuna, anaweka sahihi.

Profesa alinitazama mimi.

"Kaka, wewe ndiye uliyekaa na kitalu. Kuna kitu chochote kiliingia mle?"

Neno moja tu, dawa, na shamba lingebaki. Lakini mke wangu alikuwa ameketi pale, mfyatua matofali anasikiliza, na sifa zangu zote za kitalu zilikuwa zinaning'inia.

"Hakuna," nikasema. "Maji tu."

"Una hakika, kaka?"

Nikajifanya nimekasirika. Nikamuuliza kama ananiita mwongo mbele ya baba. Akainamisha macho, akasema basi, labda kuvu yake haikufaa.

Baba akaweka sahihi.

Nilimfuata nje kumpoza. Unafiki gani huo, kumfariji mtu uliyemchinja mwenyewe. Nikamwambia asijilaumu, hata sayansi hubahatisha.

Akafungua mkoba, akanipa karatasi ya maabara. Mizizi ya konani, kuvu imejaa tele. Mizizi ya katikati, hakuna kitu. Udongo wa kitalu, limeandikwa jina la dawa yangu, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kopo. Majibu alikuwa nayo tangu siku tatu nyuma.

Nikamuuliza kwa nini hakuitoa mle ndani.

"Ningeitoa, ningepata msimu mwingine, na baba asingekutazama tena usoni. Nikataka useme mwenyewe. Nimekuuliza mara mbili." Akaichukua karatasi yake. "Nimeacha shamba ili nibaki na kaka. Sasa naona hata kaka sikumpata."

Hajakanyaga nyumbani tangu siku ile.

Shamba sasa ni shimo. Baba humwambia kila mgeni kwamba binti yake alijitahidi, ila vitabu havikufaa. Mimi huwa nimekaa pembeni, natikisa kichwa kukubali.

Funzo? Dawa niliimwaga kwa kutojua, na la kutojua mtu husamehewa. Lile la "maji tu" nililisema nikijua. Ukikosea, sema palepale, ukiwa bado umekaa na watu wako.

Mimi nimewaambia nyinyi msionijua. Baba bado hajui.